Maswali yenu: kizazi kinakuzwa na homoni au kinakuzwa na kutanuka?

Barua za safari hii nyingi zimegusa kizazi. Wengine mna mimba, wengine mmejifungua juzijuzi, wengine mna fibroidi, ule uvimbe wa msuli wa kizazi ambao sio saratani, na karibu kila aliyeandika ameshajijibu mwenyewe kwamba "ni mambo ya homoni hayo". Homoni zina kazi kubwa sana, hilo halina ubishi, ila kuna mwenzake ambaye watu hawamtaji kabisa, ni ule mvuto wenyewe, yani ukuta wa kizazi kuvutwa na kitu kilichomo ndani yake. Seli za kizazi zinasikiliza vyote viwili kwa pamoja na ukiondoa kimoja hadithi haikamiliki. Nimejibu nilizoweza, nyingine kwa kirefu nyingine kwa kifupi.

"Shikamoo dokta. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 22. Kliniki nesi aliniambia kizazi kinatanuka kama puto kadiri mtoto anavyokua, dada yangu anabisha anasema ni homoni ndo zinakikuza, kingekua hata mtoto angekuwa mdogo. Nani yuko sahihi? Na je hakiwezi kupasuka kikitanuka sana? — Mama Kijacho"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika wiki ya 22. Puto ukilijaza hewa mpira wake unakuwa mwembamba tu, uzito wa mpira unabaki uleule. Kizazi chako sivyo. Kabla ya mimba kilikuwa na gramu 70 hivi na nafasi ya ndani haikufika hata mililita 10. Siku ya kujifungua kitakuwa na kilo 1 na zaidi kidogo, na hapo nahesabu nyama ya kizazi peke yake, bila mtoto, bila kondo la nyuma, bila maji, na nafasi ya ndani itakuwa kama lita 5. Kwahiyo hiyo kilo nzima haijaja kwa kuvutwa tu, imejengwa, na swali lako zuri ni nani kaijenga.

Wiki za mwanzo dada yako ndo yuko sahihi. Wiki ya 8 kijusi hakijafika hata sentimita 2, hakina cha kutanua, ila kizazi kimeshaanza kukua. Hapo kazi ni ya estrojeni na projesteroni, ambazo mwanzoni zinatoka kwenye ovari, kwenye kile kifuko kilichobaki baada ya yai kutoka, afu kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo linaanza kuipokea hiyo kazi. Estrojeni inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, kisha wanaenda pamoja kwenye jeni na kuziwasha baadhi. Mojawapo ni ile inayotengeneza protini ya kuchochea ukuaji inayojulikana kama IGF-1, seli ikiitoa inajigusa yenyewe na inawagusa majirani zake, wote wanaanza kugawanyika. Kwahiyo kipindi hiki seli zinaongezeka idadi na ukuta wa kizazi unanenepa.

Kuanzia wiki ya 12 hivi mambo yanageuka na hapo nesi wako anaanza kuwa na hoja. Mtoto, maji na kondo sasa vinajaza nafasi na kuanza kusukuma ukuta kwa ndani. Kasi ya kugawanyika inapungua, badala yake seli moja moja inaanza kuwa kubwa. Seli ya msuli wa kizazi ambayo kabla ya mimba ilikuwa na urefu wa kama sehemu ya ishirini ya milimita, mwisho wa mimba inaweza kufika nusu milimita, yani mara kumi, na ndani yake imejaza protini za kubana ambazo hazikuwepo kwa wingi huo. Ukuta wenyewe sasa unazidi kuwa mwembamba, ukikaribia kujifungua unakuwa sentimita moja na kitu au hata chini ya hapo.

Seli inajuaje kwamba inavutwa? Hili mi ndo linanifurahisha kuliko yote. Seli ya msuli haielei, imeshikizwa kwenye nyuzi za kolajeni zilizoizunguka, na kinachoishikiza ni protini zinazoitwa integrini ambazo zimechomoza pande mbili, upande mmoja umeshika nyuzi za nje na upande wa pili umeshika nyuzi za ndani ya seli. Ukuta ukivutwa, nyuzi zinavutwa, integrini zinavutwa, na pale zinapoishia upande wa ndani kuna vimeng'enya vinaamka, kimoja kinamwamsha mwenzake, huyo anamwamsha mwingine, hadi taarifa inafika kwenye kiini cha seli na jeni za ukuaji zinawaka. Kwahiyo mvuto ambao ni kitu cha nguvu tu, cha kuvuta na kusukuma, umegeuka kuwa ujumbe wa kikemikali ndani ya seli bila homoni yoyote kupita njiani.

Sasa utauliza, tutajuaje kama kweli ni mvuto, maana mwenye mimba ana homoni na ana mtoto kwa wakati mmoja, unavitenganishaje? Walitenganisha kwa panya. Kizazi cha panya kina pembe mbili, kulia na kushoto, na kila pembe inabeba watoto wake. Wanasayansi wanafunga mrija wa upande mmoja kabla panya hajapandwa, kwahiyo anabeba mimba pembe moja tu na ya pili inabaki tupu. Angalia ujanja uliopo hapo: pembe zote mbili zinapata damu ya mwili mmoja, homoni zilezile, kiasi kilekile, siku zilezile. Tofauti ni moja tu, huku kuna watoto wanaovuta ukuta, huku hakuna. Na pembe yenye watoto seli zake zinanenepa sana, ile tupu inabaki nyuma. Miaka ya 1990 kundi la Stephen Lye kule Toronto, Kanada, wakaenda mbele zaidi, wakaingiza kijimrija cha milimita 3 kwenye ile pembe tupu ili ivutwe bila mtoto. Walikuwa wanapima koneksini 43, protini inayounganisha seli za msuli ili zibane kwa pamoja wakati wa uchungu. Pembe tupu haikuwa nayo kwa wingi, ila ilipowekewa kijimrija ikapanda. Kijimrija cha plastiki kimeiambia seli kitu kilekile ambacho mtoto angeiambia!

Halafu wakampa panya projesteroni, na mvuto uleule haukuipandisha tena hiyo protini.

Hapo ndo jibu la ugomvi wako na dada yako lilipo. Mvuto ni ule ule, homoni ndo inaamua seli iusomeje. Projesteroni ikiwa na nguvu, seli ikivutwa inaelewa "kua, ongeza nyama, tulia". Nguvu ya projesteroni ikiisha, seli hiyohiyo ikivutwa inaelewa "bana". Na kuna kitu kingine kinaingia hapohapo, ukuta ukikua mvuto unagawanywa kwa nyama nyingi zaidi kwahiyo kila seli inapumua kidogo, ndo maana mtoto anaweza kukua miezi kibao bila uchungu kuanza. Ni mwishoni, ukuaji wa ukuta unapopungua huku mtoto bado anaongezeka, ndo mzigo kwa kila seli unapanda. Kwa panya projesteroni inashuka kwenye damu kabla ya kuzaa. Kwa binadamu haishuki hivo, kwenye damu bado ipo nyingi, ila seli zinabadilisha namna zinavyoipokea na matokeo yanakuwa kama imeondoka.

Kuhusu kupasuka, kizazi ambacho hakijawahi kupasuliwa kupasuka ni nadra sana, kwasababu nilizokueleza, kinajengwa huku kinatanuka. Mwenye kovu la upasuaji wa zamani, awe alijifungua kwa upasuaji au alitolewa fibroidi, ni habari nyingine maana kovu halikui kama msuli, huyo lazima azungumze mapema na daktari wake kuhusu wapi na vipi atajifungua. Na wewe ukienda kliniki waangalie wanavyopima, wanashika juu ya mfupa wa kinena, wanaweka mwanzo wa tepu hapo na kuivuta hadi kileleni mwa kizazi. Kwa sasa sentimita zinakaribiana na wiki zako, 22 kwa 22, ikipishana kwa mbili hivi ni kawaida. Ikipishana sana watakutuma ultrasaundi, usikatae.

"Dokta mwaka jana nilipata mimba ikatunga kwenye mrija. Kilichonichanganya hadi leo, daktari wa ultrasaundi alisema kizazi kimeongezeka ukubwa na utando wa ndani ni mnene, nikajua mtoto yupo, kumbe hakuna kitu. Kilikuzwa na nini sasa? — Msomaji wenu wa siku nyingi"

Pole sana dada yangu, na nashukuru uliwahi hospitali. Kilichotokea kwako ndo ushahidi wa wazi kabisa wa nilichomwandikia mwenzako hapo juu. Mimba ilikuwa kwenye mrija ila homoni zake zilikuwa kwenye damu, na kizazi hakina macho, kimepata estrojeni na projesteroni kikajiandaa kama vile mgeni ameshafika. Ukuta ukaongezeka, utando wa ndani ukanenepa na kulainika. Ukuaji wa aina hiyo ungefika mahali ungesimama, maana ndani hapakuwa na cha kuvuta ukuta.

Upande wa pili wa jambo hili nao upo. Mimba ikitunga ndani ya kizazi kama kawaida, sehemu ya ukuta iliyo jirani na kondo inakua haraka kuliko nyingine, kwahiyo miezi ya mwanzo kizazi kinaweza kuonekana kimeinama upande mmoja. Naliandika hili kwa faida ya wote, kipimo kuonyesha kizazi kimekua hakitoshi kusema mimba iko mahali pake, lazima kifuko cha mimba kionekane ndani. Mwenye kipimo cha mimba chanya, ana maumivu upande mmoja wa tumbo chini au anahisi kizunguzungu au bega linauma bila sababu, asikae nyumbani akasubiri kesho.

"Kaka dokta, mke wangu ana mapacha, wiki ya 26, na tumeambiwa anaweza kuzaa mapema. Kwanini? Afu kama projesteroni ndo inatuliza kizazi si wampe tu kwa wingi? — Baba wa wawili"

Hongera kaka, na umeuliza kama mtu aliyefikiria kweli. Kizazi chenye mapacha kinafika ukubwa wa mwisho wa mimba ya mtoto mmoja wiki nyingi kabla ya muda. Ukuta unakua ndio ila unakimbizwa, kila seli inavutwa kupita kawaida, na seli inayovutwa sana inaanza kutengeneza vitu vya uchungu kabla ya siku zake: zile koneksini za kuunganisha seli, vipokezi vya oksitosini ambavyo vinaifanya isikie homoni ya kubana, na prostaglandini, kemikali zinazochochea kizazi kibane. Zaidi ya nusu ya mapacha wanazaliwa kabla ya wiki ya 37. Maji yakiwa mengi kupita kiasi kwa mtoto mmoja nayo yanaleta shida hiyohiyo, na hapo utaona kwamba tatizo ni mzigo kwenye ukuta, sio idadi ya watoto yenyewe.

Kuhusu projesteroni, wazo lako lilishapimwa kwenye majaribio makubwa, mama wa mapacha wakapewa wote bila kuchagua, na kuzaa mapema hakukupungua. Mvuto ukishakuwa mkubwa sana kuongeza homoni peke yake hakuurudishi nyuma. Kwa mama ambaye mlango wa kizazi umeonekana mfupi kwenye kipimo daktari anaweza kuamua tofauti, kwahiyo ulizeni mlango umepimwa na ni sentimita ngapi.

Ila mi nataka nikwambie jambo ambalo hukuliuliza na ndo linanipa wasiwasi zaidi kuliko hata kuzaa mapema. Msuli uliovutwa kupita kiasi unachelewa kubana baada ya watoto kutoka. Mishipa ya damu iliyokuwa inalisha kondo inapita katikati ya nyuzi za huo msuli, na kinachoifunga kwanza kabisa ni msuli kubana. Usipobana damu inatoka nyingi sana kwa dakika chache. Mkeo ajifungulie mahali penye dawa ya kubana kizazi, penye damu ya kuongeza na penye daktari wa upasuaji, na hilo mlipange sa hivi, wiki ya 26, sio siku ya uchungu. Tumbo likianza kukaza na kuachia kwa mpangilio, mgongo ukavuta, au akaona maji au damu, mnatoka muda huohuo hata kama ni usiku.

"Habari dokta, mi nafanya yoga na mazoezi ya kunyoosha viungo. Je, kunyoosha tumbo kunaweza kukuza seli za kizazi au kuongeza fibroidi? — Mpenda mazoezi"

Hapana. Unaponyoosha tumbo unavuta ngozi na misuli ya nje ya tumbo, kizazi kimekaa chini ndani ya nyonga, kimeshikwa na kano zake, ukuta wake hauvutwi na zoezi lako. Mvuto tunaouzungumzia ni wa kutoka ndani ya kizazi kwenda nje, wa masaa yote kwa wiki nyingi mfululizo. Endelea na mazoezi kwa raha zako, uzito ukiwa mzuri hata homoni zinakaa vizuri, nitaeleza kwenye barua ya mwisho.

"Nina miaka 34, fibroidi tatu, kubwa ina sentimita 6. Natafuta mtoto. Kila mtu ananiambia mimba italisha fibroidi zitakua kama mtoto, wengine wananiambia ni estrojeni nyingi niipunguze kwa dawa za mitishamba. Nimechoka dokta. — Mwenye hofu"

Dada yangu pole, na uchovu wako nauelewa kabisa, maana kwenye fibroidi kila mtu ni mtaalamu. Kwanza hauko peke yako hata kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliowapima wanawake kwa ultrasaundi ulikadiria kwamba kufikia miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa wamepata fibroidi, na wazungu karibu asilimia 70. Wengi wao hawajui kama wanazo.

Fibroidi moja inaanza na seli moja ya msuli wa kizazi. Mwaka 2011 watafiti wa Finland walionyesha kwamba kama asilimia 70 ya fibroidi walizozipima zina hitilafu kwenye jeni moja, MED12. Seli yenye hitilafu inagawanyika, wajukuu zake wanarundikana mahali pamoja, ila kukua kwao bado kunategemea homoni, na ndo maana fibroidi hazipo kabla ya kuvunja ungo na baada ya hedhi kukoma kwa kawaida zinasinyaa.

Sasa hiyo lawama ya estrojeni peke yake sio kamili. Kwenye fibroidi estrojeni inaiandaa seli, inaiongezea vipokezi vya projesteroni, afu projesteroni ndo inaisukuma ikue. Tunajua hivi kwasababu dawa zinazozuia projesteroni, mfano mifepristoni, zinapunguza ukubwa wa fibroidi. Sindano za kuzima ovari kwa muda nazo zinapunguza, zinaweza kutoa theluthi hadi nusu ya ukubwa kwa miezi michache, ila ukiacha zinarudi, kwahiyo zinatumika zaidi kuandaa mtu kwa upasuaji. Hakuna mti wa kuchemsha ambao umethibitishwa kuifanya hiyo kazi, na baadhi ya hizo dawa zinaumiza ini, tafadhali usinywe.

Afu kuna upande wa mvuto ambao kwenye fibroidi hausemwi. Zile seli zinamwaga kolajeni kwa wingi kupita kiasi, ndo maana ukiishika fibroidi iliyotolewa ni ngumu kama nini, na ukiikata unaona nyuzi nyeupe zimejizungusha zungusha. Ugumu huo seli iliyomo ndani inausikia kupitia zilezile integrini. Seli ya msuli wa kawaida inapokaa kwenye mazingira magumu hivo inapokea taarifa ya kukaza na kuongeza nyuzi, na hapa nyuzi zikiongezeka ugumu unazidi, ugumu ukizidi nyuzi zinaongezeka. Kwahiyo hata homoni ikitulia, lile rundo la nyuzi haliyeyuki haraka, ndo maana fibroidi ya siku nyingi inasinyaa kwa shida.

Na mimba je? Nyingi hazikui sana kwenye mimba, zinabaki zilivyo au zinapungua. Zinazokua, zinakua zaidi miezi mitatu ya mwanzo, pale homoni zinapopanda kwa kasi, sio mwishoni kama watu wanavyokutisha. Inayoweza kukusumbua ni ile inayokosa damu ya kutosha katikati ya mimba, inauma sana siku kadhaa, inatibiwa kwa mapumziko na dawa za maumivu utakazoandikiwa. Kinachoamua zaidi kwenye safari yako ya kupata mtoto ni fibroidi imekaa wapi. Iliyoingia ndani kwenye nafasi ya mtoto inaweza kuzuia mimba kushika hata ikiwa na sentimita 2, iliyoning'inia nje inaweza kuwa na sentimita 6 na isikuletee shida. Kwahiyo ukirudi kwa daktari acha kuuliza ni kubwa kiasi gani, muulize imegusa nafasi ya ndani au haijagusa.

"Dokta nimejifungua mtoto wa tatu siku nne zilizopita. Nikinyonyesha tumbo linanikaza kama uchungu, kwa wale wawili haikuwa hivi. Na kizazi chote kile kinaenda wapi? — Mama watatu"

Hongera mama. Mtoto akinyonya ubongo wako unaachia oksitosini, oksitosini inashusha maziwa na hapohapo inakibana kizazi. Kwa mtoto wa kwanza kizazi kinabana na kubaki kimebana, kwa aliyezaa mara kadhaa kinabana na kuachia, kinabana na kuachia, ndo hayo maumivu. Yanapungua sana ndani ya siku chache, unaruhusiwa kunywa dawa ya maumivu ambayo mkunga atakuambia haina shida kwa anayenyonyesha.

Kuhusu kinaenda wapi, siku ya kujifungua kilikuwa na kilo 1 hivi. Baada ya wiki 1 ni gramu 500, wiki ya 2 kama 300, na ndani ya wiki 4 hadi 6 kinarudi karibu na gramu 100 au pungufu. Mtoto ametoka, mvuto umeisha, kondo limetoka na homoni zake zimeporomoka ndani ya siku moja mbili, yani wajenzi wote wawili wameondoka kwa mpigo. Seli zenyewe hazifi kwa wingi kama watu wanavyodhani, idadi haipungui sana, kila moja inasinyaa, inavunjavunja protini zake za ziada na kurudi kwenye ukubwa wake. Ndo hizohizo zitakazotumika tena ukibeba mimba nyingine. Leo siku ya nne ukijigusa utakuta kilele cha kizazi kiko chini ya kitovu, ukikaribia wiki mbili hautakisikia tena kwa mkono. Kisiposhuka, au damu ikaongezeka badala ya kupungua, au ukapata homa au uchafu wenye harufu mbaya, rudi hospitali siku hiyohiyo.

"Nina miaka 41, nina uzito mkubwa, hedhi yangu inakaa hata miezi mitatu haiji afu ikija inamwagika wiki mbili. Kipimo kimeonyesha utando wa ndani umenenepa wanataka kukwangua wapime. Sina mimba, hakuna kinachotanua, sasa unanenepa kwanini? Naogopa. — Naomba msinitaje"

Mpendwa, nimekuweka mwisho ila barua yako ndo niliyoanza kuisoma mara mbili. Kwako mvuto haupo kabisa, hii ni homoni, tena kukosekana kwa moja. Kila mwezi estrojeni inaukuza utando wa ndani kutoka milimita chache baada ya hedhi, afu yai likishatoka projesteroni inakuja na kuuambia inatosha, acheni kugawanyika, komaeni. Ona basi tofauti na fibroidi: homoni ileile ambayo kule inasukuma ukuaji, hapa inauzuia, kwasababu seli ni nyingine. Yai lisipotoka projesteroni haiji. Na mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, kwahiyo uzito ukiwa mkubwa estrojeni inaendelea kuwepo muda wote bila wa kuizuia. Utando unajengwa tu miezi na miezi hadi unaporomoka wenyewe, ndo hiyo damu ya wiki mbili.

Utando uliojengwa hivo kwa muda mrefu unaweza kuanza kubadilika kuelekea saratani, ndo maana wanataka kuupima, na mi nakuomba kwa moyo wangu wote ukubali. Kipimo chenyewe mara nyingi ni kijimrija chembamba kinaingizwa kupitia mlango wa kizazi, kinavuta kipande kidogo, dakika chache, kinauma kama hedhi kali, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikionekana seli zimeongezeka ila hazijaharibika, tiba inakuwa ni kurudisha kile kilichokosekana, yani projesteroni, kwa vidonge au kwa kitanzi chenye homoni kinachokaa ndani ya kizazi na kuitoa palepale kwenye utando, na mara nyingi utando unarudi kawaida. Kupunguza uzito kunasaidia kutoka upande wa pili, kwa kupunguza estrojeni ya ziada. Wakikupa majibu waombe nakala ya karatasi, na uulize neno moja: seli zimeonekana na mabadiliko yasiyo ya kawaida au hazina. Jibu la hapo ndo linaamua kama utapewa kitanzi na kurudiwa kipimo baada ya miezi kadhaa au utapelekwa kwa daktari bingwa wiki hiyohiyo.